Mzee Sixte wa Mwaka Mzima

“Nyie sikilizeni! Hata nikifa mara tatu kule, mara zote tatu mtaletewa. Nimelipia mwaka mzima!”

Maneno hayo Mzee Sixte aliyatoa mbele ya watu wasiopungua mia mbili, Jumapili ya kwanza ya mwaka jana, nje ya kanisa la Katumba, kwenye mnada wa kuchangia mabati. Mkono wa kushoto alikuwa amemshika jogoo ambaye alishamnunua na kumrudisha mnadani mara mbili. Wa kulia aliinua karatasi ya bima juu, kama refa anayemtoa mtu uwanjani. Watu walicheka, katekista akacheka, na mimi niliyemuuzia hiyo karatasi nikacheka kuliko wote, maana tangazo la bure kanisani halipatikani kila wiki.

Aliyekuwa hacheki ni binti yake, Aline. Alikuwa amesimama pembeni na mtoto wa wiki tatu kifuani.

“Baba,” akasema kwa sauti ya chini, “hayo mambo yataje mara moja, yatosha.”

“Nimelipia mara tatu, nataja mara tatu.”

Mzee Sixte alikuwa anauza asali ya Ugalla katika kibanda cha bluu pale Majengo, milango miwili kutoka kiofisi changu cha uwakala wa bima. Mtu mfupi, mnene wa mabega, kofia ya pama haimtoki kichwani hata kwenye joto la Oktoba. Na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mji mzima wa Mpanda uliujua: kila kitu alinunua cha mwaka. Chumvi alinunua gunia. Sabuni, katoni hadi mlango wa chumbani ukawa haufunguki vizuri. Kinyozi wake alilipwa Januari na kuambiwa asimuulize tena hela mpaka Krismasi. Kinyozi akahama mji mwezi wa tano, na Mzee Sixte akatembea na nywele zake mpaka Desemba, kwa sababu alishalipia.

Mkewe, Immaculata, alipofariki miaka sita iliyopita, fundi alikuja kuuliza vipimo vya kujengea kaburi. Mzee Sixte akamwambia ajenge la watu wawili, saruji ikorogwe mara moja. Likajengwa hivyo, kule Katumba nyuma ya nyumba: ukuta mfupi wa tofali kuzunguka vyumba viwili, na ukuta mwembamba katikati. Upande mmoja vigae vyeupe, msalaba na jina la Immaculata. Upande wa pili udongo mtupu uliosawazishwa. Kila Jumamosi alipalilia pande zote mbili. Mgeni akija, alipelekwa kuonyeshwa kama anayeonyeshwa nyumba ya kupanga.

“Huku ni mama. Huku ni mimi, bado sijahamia.”

Wengine walicheka. Mimi nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilicheka pia, halafu nikajikuta nimerudi nyuma hatua moja, nisije nikakanyaga chumba cha mtu.

Basi hicho chumba ndicho kilichomleta kwangu kutafuta bima. Mzee Sixte alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, ana miaka minne, mgongoni kwa dada yake Vénérande aliyekuwa na kumi na miwili. Walikulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wote wawili. Ilipofika miaka ile ya kuchagua, kurudi kwao au kuwa raia wa hapa, dada akachagua kurudi na mumewe, akaenda kukaa Mabanda, ng'ambo tu ya mpaka wa Manyovu. Mdogo mtu akachagua kubaki, akapewa cheti cha uraia, baadaye pasipoti. Vyote viwili alivitunza ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Na kila baada ya miezi miwili hivi alipanda basi na ndoo ya asali kwenda kumwona dada yake.

Alikuwa na rafiki, Onesphore, mtu wa Katumba pia. Onesphore alikwenda Bujumbura kwenye harusi, akafia huko. Kusafirisha mwili kukashindikana, akazikwa huko huko na watu ambao hawakujua hata anapenda chai ya namna gani. Mkewe aliletewa viatu. Viatu tu, kwenye boksi la biskuti. Mzee Sixte ndiye aliyelipokea lile boksi stendi, na tangu siku hiyo kitu alichokiogopa duniani kilikuwa kimoja: kwamba Immaculata atabaki kwenye ile nyumba ya vyumba viwili peke yake, na yeye awe mahali pengine kwenye udongo wa watu.

Kwa hiyo mwisho wa Desemba aliingia kwangu, akaketi bila kukaribishwa.

“We Msukuma, nasikia unauza safari.”

“Shikamoo mzee. Nauza bima ya safari. Safari yenyewe unajitafutia.”

“Marahaba. Inarudisha mwili?”

“Inarudisha. Na hospitali inalipa. Ziko mbili, ya safari moja na ya mwaka.”

“Umesema ya mwaka?” Macho yakawaka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nilimweleza vizuri, sikumficha kitu, na hilo nalirudia kila siku moyoni. Kwa mtu anayekwenda mara tano au sita kwa mwaka, ya mwaka ndiyo ya akili, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwonyesha na kidole mstari mmoja.

“Hii ina kikomo, mzee. Kila safari mwisho siku thelathini. Ukitoka unagongewa muhuri, ukirudi unagongewa muhuri. Kampuni inahesabu siku kati ya muhuri na muhuri.”

“Siku thelathini kwa dada yangu nafanya nini? Siku ya kumi tu ananipa jembe.”

“Na hii nyingine, ya safari moja, unakata kila unapokwenda. Unapita hapa, naangalia pasipoti, nakuandikia mpya.”

“Yaani nikuage wewe kabla sijamuaga binti yangu? Hiyo ni bima ya mtu asiyejua kama atarudi.” Akanitazama juu mpaka chini. “Hata diploma yako uliikatia hiyo hiyo, Malale. Ya safari moja, ukashukia Tabora.”

Mama anayeuza vitumbua mlangoni kwangu alicheka hadi kitumbua kikaungua. Ni kweli nilishukia Tabora, chuo sikumaliza. Nikaandika ya mwaka.

Tarehe tatu Februari alitoka na muhuri wake safi, pale Manyovu, na ndoo ya lita ishirini. Kilichotokea kwenye kurudi nilikuja kukijua miezi miwili baadaye, kwa hiyo nakisimulia hapa kama alivyonisimulia.

Jumapili ya tarehe kumi na sita mjukuu alikuwa anabatizwa Katumba, na babu ndiye angesimama naye. Ijumaa mchana alitoka kwa dada yake na gari la abiria, gari likapasua tairi mara mbili. Walipofika mpakani geti limeshafungwa. Akilala pale mpaka geti lifunguliwe, basi la Mpanda lingemwacha Kasulu, na ubatizo ungempita. Alikuwa na Deo, mtoto wa Vénérande, aliyekuja kumsindikiza.

“Mjomba, mbona unahangaika?” Deo akamwambia. “Tupite kwa Ladislas.”

Kwa Ladislas ni shamba la migomba la mzee mmoja. Unaingia kwenye migomba yake upande wa Burundi, unateremka kijito, unapanda kilima, uko Tanzania. Kuna pikipiki zinazofanya kazi hiyo tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wa pande zote wanapita hapo na mafuta ya mawese, na vitenge, na mashangazi zao. Mzee Sixte alikuwa ameipita njia hiyo miaka yote kabla hajapata pasipoti. Dakika kumi na tano akawa upande wetu. Jumapili akasimama na mjukuu mbele ya padri, suti ya kijivu, kofia mkononi. Picha ninayo. Nimeipiga mimi.

Ajabu ni hii: mtu ambaye hakuweza kununua kiberiti bila kutangaza mtaa mzima, hiyo safari hakuisema. Nilimuuliza Jumatatu, “Vipi huko?” Akajibu, “Salama,” akaingia kibandani kwake. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Machi mvua zikanyesha kweli. Ule upande wake wa kaburi ukaanza kuzama.

Aline ndiye aliyeona kwanza. Alikuja Majengo kumletea baba yake chakula, akapita kwangu, akakaa kwenye benchi na mtoto.

“Malale, kule nyumbani udongo unaingia chini. Upande wa baba. Upande wa mama uko sawa.”

“Udongo wa kujazia huo, dada Aline. Ukipata mvua unashuka, ni kawaida.”

“Amejaza ndoo nne. Asubuhi umeshuka tena.”

“Basi ajaze ya tano.”

Hakucheka.

Wiki ile ile Vénérande akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukafa, mdomo ukapinda. Mzee Sixte akafunga kibanda, akaenda. Alipofika Manyovu akapanga foleni, pasipoti mkononi. Mbele yake walikuwa watu watatu. Akamwona ofisa wa dirishani akifungua pasipoti ya mtu wa kwanza, akarudisha kurasa nyuma, akasoma muhuri mmoja mmoja. Ndipo alipoelewa. Kwa pasipoti yake, yeye hajarudi. Yuko Burundi tangu tarehe tatu Februari. Mtu aliyeko Burundi anapangaje foleni ya kutoka Tanzania?

Akatoka kwenye foleni, akajifanya anakwenda kununua soda. Akapanda pikipiki ya kwa Ladislas.

Na hapo ndipo ubaya wa jambo lenyewe ulipo. Ukiruka muhuri mmoja, wa pili hauwezi kuupata tena bila kueleza wa kwanza uko wapi. Kwenda akapita migombani, kurudi akapita migombani. Aprili vile vile. Kila safari ilikuwa ya siku nane, siku kumi, mtu mwaminifu kabisa wa kikomo. Lakini pasipoti yenyewe ilikuwa imelala ndani ya nailoni mbili inahesabu siku bila kupumzika, usiku na mchana, hata alipokuwa amekaa Majengo anapima asali.

Katikati ya Aprili aliingia kwangu, akafunga mlango. Mlango wangu huwa haufungwi. Una jiwe.

“Malale. Bima inasoma pasipoti?”

“Inasoma.”

“Yote?”

“Mzee, umefanya nini?”

Akaitoa. Nailoni ya kwanza, nailoni ya pili. Nikafungua. Muhuri wa kutoka, tarehe tatu Februari. Wa kuingia Burundi, siku hiyo hiyo. Baada ya hapo kurasa nyeupe, safi, kama shuka la hotelini. Nikageuka kwenye kalenda ukutani, ile ya kampuni yenye picha ya familia inacheka ufukweni. Nikahesabu na kalamu. Siku ya thelathini ilikuwa tarehe nne Machi. Tulikuwa tumeshaipita kwa wiki sita.

“Mzee, huna bima.”

“Ninayo. Nimelipia mwaka mzima.”

“Umelipia. Lakini kwa hii pasipoti uko kwenye safari moja tangu Februari. Safari imepita kikomo. Ukiugua kesho kule, hawakulipi. Ukifa...”

“Sema. Wewe ndiye uliyeniuzia.”

“Ukifa hawakuleti.”

Akakaa. Akavua kofia, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kichwa chake chote. Kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Mkono wake ukapanda kifuani, ukasugua, kama mtu anayetafuta kifungo.

“Nini hapo?”

“Nimebeba ndoo vibaya. Niambie dawa yake.”

“Dawa ipo. Nenda Manyovu, waambie ukweli, kwamba ulirudi geti limefungwa. Watakuuliza, labda watakutoza faini, wataandika umerudi, basi. Halafu kila ukitaka kwenda nakukatia ya safari moja, mpya, napiga muhuri wangu na kuona wa kwao.”

Alitikisa kichwa taratibu.

“We kijana, wewe ukikosea unaitwa mkosaji. Unalipa, unarudi kula ugali. Mimi nikikosea naulizwa nimetoka wapi.”

“Mzee, wewe ni raia. Una cheti.”

“Ninacho. Wewe ulizaliwa nacho, mimi nilipewa. Kitu ulichopewa unakishika kwa mikono miwili, hata usingizini hukiachii.” Akaanza kurudisha pasipoti kwenye nailoni. “Nikisimama dirishani na kusema nilipita porini usiku unaingia, wataandika. Kikishaandikwa hakifi. Na Aline? Na mtoto? Wote wameshikilia karatasi yangu.”

Sikuwa na hakika kama hofu yake ilikuwa na msingi. Pengine hakuna mtu ambaye angemuuliza chochote zaidi ya faini. Lakini mimi sijawahi kuvushwa mpaka mgongoni.

“Basi usiende,” nikasema. “Kaa kwanza, tutafute namna.”

“Dada yangu amelala kitandani hageuki. Wa tumbo moja amebaki na mimi tu.”

Alipofungua mlango wa kutoka, yule mama wa vitumbua akamtania, “Mzee wa mwaka mzima, mnafungiana milango na Malale, mnakula njama gani?” Yeye aliyezoea kujibu kabla hujamaliza, akampita kama hakumwona.

Nikafikiria jambo ambalo mpaka leo linaniamsha. Kama angekata ya safari moja moja, ile aliyoidharau, Machi angepita kwangu kabla ya kwenda. Ningeifungua pasipoti. Ningeona ukurasa mweupe. Siku ya thelathini ilikuwa haijatuacha mbali. Lakini aliyekata ya mwaka hana sababu ya kuja, na mimi nilikuwa na uvivu wangu wa kutokwenda milango miwili kumuuliza.

Mwezi wa tano akawa anapumzika anapotembea kutoka kibandani kwake hadi kwangu. Milango miwili, anapumzika mmoja. Nilimpeleka zahanati kwa nguvu, wakamwandikia aende hospitali kubwa kupimwa moyo. Akasema ataenda akirudi.

“Ukirudi wapi?”

“Vénérande amezidiwa. Nakwenda siku tano tu.”

Tulikuwa stendi, saa moja asubuhi, Aline na mtoto, mimi na ndoo yake. Ndoo mwenyewe hakuweza kuinyanyua. Alipopanda ngazi ya basi akageuka, akanipa ile karatasi ya bima, imekunjwa mara nne.

“Itunze hii. Kijitoni ikilowa haitasomeka.”

“Mzee, haina kazi hii, nimeshakwambia.”

“Ndiyo maana nakupa wewe. Wewe ndiye mwenye vitu visivyomalizika.” Akacheka, akakohoa. Kisha akamtazama Aline. “Ule upande wangu usiujaze tena. Uacheni tu ulivyo.”

Aline alimwambia ashuke. Alimwambia kwa Kirundi, haraka haraka, mara tatu, na mtoto akaanza kulia. Basi likaondoka.

Siku ya nne, Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi, Deo alipiga simu. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha dada yake, anamlisha uji. Kijiko kikaanguka. Mgonjwa aliyekuwa hageuki ndiye aliyepiga kelele ya kuita watu.

Nikapiga makao makuu. Nilijua jibu, lakini nikapiga. Akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri kama ya mtangazaji.

“Pole sana, kaka Malale. Naomba ukurasa wa mihuri.”

Deo akautuma kwa simu. Dakika ishirini nikasubiri.

“Naona alitoka tarehe tatu Februari. Alirudi lini?”

Nikaitazama ile kalenda ukutani.

“Kaka Malale, alirudi lini?”

“Alirudi. Alirudi mara tatu. Alisimama kwenye ubatizo wa mjukuu wake, picha ninayo, nimeipiga mwenyewe.”

“Picha ina muhuri?”

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo kazi yake, na ndiyo kazi yangu. “Kwa kumbukumbu hizi ni safari moja,” akasema, “siku ya mia na kumi. Kikomo ni thelathini. Poleni sana na msiba.”

Mabanda, ndugu wa upande wa baba walikuwa wameshaanza kuchimba. Hawakuwa watu wabaya. Kwao ilikuwa heri tupu: mtoto aliyeondoka na miaka minne amerudi kufia kwao, mikononi mwa ndugu zake, aende wapi tena? Mkubwa wao alisema kwenye simu, “Binti, baba yako yuko nyumbani.” Aline akajibu nyumbani kwa baba yake kuna chumba kimejengwa miaka sita kinamsubiri, kisha akanisukumia simu mimi.

Kumleta kwa njia ya geti kungehitaji cheti cha hospitali ambayo hakufikishwa, na kibali, na sanduku la namna yake, na gari la namna yake, na pasipoti kufunguliwa dirishani ikiwa na kurasa zake nyeupe. Siku ya pili ndugu wangezika. Nikamwambia Deo ukweli kwamba hatuna njia.

Nikasikia mtu anazungumza nyuma yake, maneno yamepinda, yanatoka upande mmoja wa mdomo. Deo akaweka sauti kubwa. Alikuwa ni Vénérande, anasema Kiswahili cha Katumba cha zamani ili nami nisikie.

“Nilimvusha mgongoni, mvua inanyesha. Hakuna aliyeniuliza karatasi.” Akapumua. “Mvusheni.”

Ndugu walibisha. Lakini yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na ndiye aliyembeba.

Jumamosi mapema, ukungu bado uko bondeni na watu wanashuka na vikapu kwenda sokoni, mimi na Aline tulikuwa upande wetu wa kilima na Noah ya kukodi. Tuliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Mbele dereva. Nyuma Deo. Katikati Mzee Sixte, koti la kijivu, kofia ya pama imevutwa mpaka kwenye nyusi, kichwa kimeegemea mgongo wa dereva kama mtu aliyepitiwa na usingizi njiani. Kitenge cha Vénérande kilikuwa kimemzunguka kiunoni na kufungwa kwa Deo, fundo lile lile wanalofungia watoto. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi alipishana nao akawasalimia wote watatu.

Aline hakulia pale. Alimvua baba yake kofia, akaifuta umande, akamvisha tena.

Alizikwa Jumapili, Katumba, kwenye chumba chake. Wachimbaji walisema udongo ulikuwa laini, umeshuka wenyewe nusu ya kazi. Watu walijaa kuliko siku ya mnada. Na wakati wa kutupa udongo nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake kwa mshangao mkubwa, “Kaletwa kweli, bwana. Alisema ataletwa, na kaletwa.”

Jumatatu asubuhi nilipofika Majengo nikakuta watu wanne mlangoni kwangu, wameketi benchi moja na mama wa vitumbua. Walitaka bima ya mwaka, ile ile ya Mzee Sixte. Niliwaambia wachague wanavyotaka, lakini ya mwaka sio iliyomleta. Mmoja akauliza, sasa kilichomleta ni nini, na ni bei gani.

Deo alikuwa ameniambia. Dereva aliulizwa bei ya kuvusha maiti, akasema yeye hana bei ya maiti, ana bei ya abiria. Kwa Ladislas, mtu mmoja, kwenda tu, ni shilingi elfu saba.